Breki za Dramu za Pikapu ya Zamani: Kutambua Hitilafu na Kuitengeneza

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya huupanda mlima Kitonga kabla ya kufika mjini Iringa. Gari lililopakia mahindi au viazi kutoka nyanda za juu kwenda pwani hapana budi liuteremke mlima huo kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili bonde. Dereva anayekanyaga breki mahali hapo hafikirii fizikia. Anatarajia tu kwamba mguu wake utakutana na ukinzani uleule wa jana. Endapo pedali itazama hadi sakafuni, muda wa kuuliza sababu umekwisha kupita. Sababu ilipaswa kuulizwa mapema, gari likiwa limesimama mahali tambarare na gurudumu likiwa limefunguliwa.

Makala haya yanaeleza jinsi breki za dramu zinavyofanya kazi, jinsi hitilafu zake zinavyotambuliwa kwa dalili, na jinsi zinavyotengenezwa. Mfano utakaotumika ni pikapu ya Land Rover 109 ya Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Magari ya aina hiyo yalitumika sana Afrika Mashariki, serikalini, mashambani na katika mbuga za wanyama, na mengine yangali barabarani hadi leo. Magurudumu yake yote manne yana breki za dramu zenye kipenyo cha inchi 11, yaani milimita 279 hivi. Mambo mengi yatakayoelezwa yanahusu pia pikapu nyingine za zamani zenye breki za namna hiyo.

Kazi ya breki ni kugeuza nishati

Watu husema kwamba breki huua mwendo. Usemi huo unafaa barabarani, lakini darasani haufai, kwa kuwa nishati haifi wala haipotei. Gari linapokwenda lina nishati ya mwendo. Linaposimama, nishati hiyo imegeuka kuwa joto, na joto hilo limeingia katika chuma cha breki. Breki, basi, ni chombo cha kugeuza mwendo kuwa joto kwa njia ya msuguano.

Kiasi cha joto hilo kinaweza kukadiriwa. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Ichukuliwe kwamba pikapu pamoja na shehena yake ina kilogramu 2,500, nayo inakwenda kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Nishati yake ni nusu ya 2,500 mara 400, sawa na jouli 500,000. Kasi ikipunguzwa kuwa nusu, yaani kilomita 36 kwa saa, nishati huwa jouli 125,000 tu, ambayo ni robo ya ile ya kwanza. Ndiyo sababu dereva anayepunguza mwendo kabla ya kona huzipunguzia breki kazi kuliko anavyodhani.

Sasa ichukuliwe kwamba dramu zote nne zina jumla ya kilogramu 40 za chuma. Kilogramu moja ya chuma huhitaji jouli 460 hivi ili joto lake lipande kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Kwa hiyo kusimamisha gari mara moja kutoka kilomita 72 kwa saa hupandisha joto la dramu kwa nyuzi 27 hivi. Hilo si jambo la kutisha. Upepo huzipoza dramu kabla ya kituo kinachofuata.

Sehemu za breki na majina yake

Jina la breki hii latokana na umbo la sehemu yake kubwa. Dramu ni bakuli la chuma cha kusubu lililofungwa kwenye kitovu cha gurudumu, nalo huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vya breki, ambavyo mafundi huviita shuu. Kila kiatu kimepinda kufuata mviringo wa dramu, na mgongo wake umevishwa tabaka la kitu kigumu chenye msuguano mkubwa, liitwalo lainingi. Viatu havizunguki. Vimeshikwa na bamba la nyuma, ambalo limefungwa kwenye ekseli.

Katikati ya viatu au pembeni yake mna silinda ya gurudumu yenye pistoni ndogo na raba za kuzuia mafuta yasivuje. Dereva akikanyaga, pistoni huvisukuma viatu nje hadi lainingi ziiguse dramu inayozunguka. Akiachia, springi huvirudisha viatu mahali pake.

Mfumo wa viatu vilivyo ndani ya dramu ulianza kutumika magarini mwanzoni mwa karne ya 20. Aghalabu Mfaransa Louis Renault ndiye anayetajwa, kwa breki aliyoitengeneza mwaka 1902. Kabla ya hapo magari mengi yalitumia ukanda uliokaza dramu kwa nje, na ukanda huo ulilowa kwa mvua na kujaa matope. Kuviingiza viatu ndani kulivikinga na uchafu wa barabarani, lakini kulileta tatizo jingine, nalo ni joto kufungiwa ndani.

Kutoka mguuni hadi gurudumuni

Kani ya mguu husafirishwa na kiowevu, kwa kufuata kanuni iliyogunduliwa na Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662. Kanuni hiyo yasema kwamba kanieneo inayotiwa katika kiowevu kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote.

Ichukuliwe kwamba dereva anakanyaga pedali kwa kani ya nyutoni 200. Pedali ni wenzo, na ikiwa inazidisha kani mara 5, pistoni ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta, husukumwa kwa nyutoni 1,000. Ikiwa eneo la pistoni hiyo ni sentimita za mraba 3, kanieneo ni nyutoni 333 kwa kila sentimita ya mraba. Kanieneo hiyohiyo hufika kwenye kila gurudumu. Huko pistoni yenye eneo la sentimita za mraba 4 husukuma kiatu kwa kani ya nyutoni 1,333 hivi. Mguu mmoja umezaa kani kubwa katika magurudumu manne kwa wakati mmoja, bila injini kusaidia.

Yapo mambo mawili yanayofaa kukumbukwa. La kwanza, faida hii hulipiwa kwa masafa: pedali husafiri mbali, lakini viatu husogea kidogo sana. Kwa hiyo nafasi ya milimita chache tu ikizidi kati ya viatu na dramu, pedali hufika sakafuni kabla viatu havijakaza. La pili, kanuni ya Pascal yahitaji kiowevu kisichobanika. Hewa hubanika. Povu dogo la hewa ndani ya bomba huila safari ya pedali, na kani haifiki inapotakiwa.

Dramu ina msaada wake wa pekee. Kiatu kimoja kati ya viwili huelekea upande ambao mzunguko wa dramu hukivuta kuingia zaidi ndani ya mgusano, mithili ya kabari. Hicho huitwa kiatu kinachoongoza, nacho hufanya kazi kubwa kuliko mwenziwe anayefuata, ambaye husukumwa mbali na dramu. Katika Land Rover 109, breki za mbele zina silinda mbili kwa kila gurudumu, na viatu vyote viwili huongoza gari linapokwenda mbele. Lakini gari likirudi nyuma, mzunguko wa dramu hubadilika na viatu vyote viwili vya mbele hugeuka kuwa vinavyofuata. Dereva ambaye gari lake limezimika katikati ya mlima na kuanza kurudi nyuma atahitaji kukanyaga kwa nguvu zaidi, hata kama breki zake ni nzima kabisa.

Kwa nini breki huchoka mteremkoni

Sasa msomaji arudi mlimani. Pikapu ileile ya kilogramu 2,500 ikiteremka kwa kimo cha mita 400 bila kuongeza kasi, nishati inayopaswa kuondolewa ni 2,500 mara 9.8 mara 400, yaani jouli 9,800,000. Kiasi hicho ni karibu mara 20 ya kile cha kusimamisha gari mara moja. Iwapo mteremko utachukua dakika 10, joto hilo ni sawa na la pasi 16 za umeme za kilowati moja moja zikiwaka kwa muda wote huo.

Kama kazi yote ingefanywa na breki, na kama joto lisingetoka, dramu zingepanda kwa nyuzi zaidi ya 500. Kwa kweli upepo huchukua sehemu ya joto hilo, na injini pamoja na ukinzani wa hewa hufanya sehemu ya kazi. Hata hivyo dereva ateremkaye kwa gia kubwa huku mguu ukiwa juu ya breki huzikaribisha hatari tatu.

Kwanza, lainingi zikipata joto kupita kiasi hupungukiwa na msuguano. Pedali hubaki ngumu, lakini gari halipungui mwendo. Pili, dramu hutanuka. Dramu ya milimita 279 ikipata joto la ziada la nyuzi 300, kipenyo chake huongezeka kwa karibu milimita 0.9. Ukuta wa dramu huvikimbia viatu, na pedali huenda chini zaidi. Tatu, joto hupenya hadi kwenye silinda za magurudumu na kuyachemsha mafuta ya breki. Mvuke hubanika kama hewa, na pedali huzama.

Hatari hiyo ya tatu yahusiana na umri wa mafuta. Mafuta ya kawaida ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Kiwango cha Marekani cha DOT 3 chataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205, lakini yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi huruhusiwa kuchemka kwa nyuzi 140. Gari linaloonekana zima katika njia tambarare laweza kukosa breki mlimani kwa sababu ya mafuta yaliyokaa miaka mingi bila kubadilishwa. Likipoa, mvuke hurudi kuwa kiowevu na pedali hurejea juu, kana kwamba hapakutokea jambo lolote. Ndiyo maana hitilafu hii huwadanganya wengi.

Madereva wa siku nyingi wana kanuni kwamba mlima uteremkwe kwa gia ileile ambayo ingehitajika kuupanda. Hesabu iliyotangulia yaonyesha kuwa kanuni hiyo ina msingi wa kisayansi. Injini inayozungushwa na magurudumu hula nishati ambayo vinginevyo ingeingia katika dramu.

Dalili na maana yake

Fundi mzuri hafungui kitu kabla hajauliza maswali. Hukaa kitini, hukanyaga pedali, huendesha gari polepole mahali salama, kisha hufikiri. Mnyororo wa breki una viungo vyake: mguu, silinda kuu, mabomba, silinda za magurudumu, viatu na dramu. Kila dalili huonyesha kiungo kilichoachia.

Pedali huenda chini, lakini ikikanyagwa mara mbili au tatu upesi hupanda juu na kuwa ngumu. Hapa mfumo wa mafuta ni mzima. Viatu viko mbali mno na dramu, ama kwa kuwa lainingi zimelika, ama kwa kuwa havijakazwa kwa muda mrefu.

Pedali ni laini na hudunda kama mpira wenye upepo. Hii ni dalili ya hewa katika mabomba. Yafaa kuuliza hewa hiyo imeingiaje, kwa kuwa mfumo uliofungwa vizuri hauingizi hewa wenyewe.

Pedali ikishikiliwa kwa kani isiyobadilika huzama polepole. Kama mafuta yanapungua katika kopo lake, yapo mahali yanapovuja nje: kwenye bomba, kwenye mpira wa breki au kwenye silinda ya gurudumu. Kama hayapungui, raba ya ndani ya silinda kuu imechakaa, na mafuta yanaipita pistoni kurudi yalikotoka.

Gari huvutwa upande mmoja. Wengi hufungua gurudumu la upande ambao gari linaelekea. Aghalabu hukosea. Gari likivutwa kulia, breki za kulia ndizo zinazoshika vema, na za kushoto ndizo dhaifu. Huenda lainingi za kushoto zimelowa mafuta, au pistoni imekwama kwa kutu.

Pedali ni ngumu na iko juu, lakini gari halisimami. Lainingi zimelowa au zimeungua na kuwa laini na zenye kung'aa kama kigae. Katika Land Rover ya zamani, oili ya difu hupita kwenye sili ya kitovu iliyochakaa na kuingia katika dramu za nyuma. Kubadilisha lainingi bila kubadilisha sili hiyo ni kutupa fedha.

Gurudumu hubaki limeshikwa baada ya pedali kuachiwa, na dramu huwa ya moto. Hapa pana jaribio jepesi. Gurudumu linyanyuliwe, kisha nipeli ya kutolea hewa ilegezwe kidogo. Kama mafuta yataruka na gurudumu kuwa huru, kanieneo ilinaswa ndani ya mfumo: ama mpira wa breki umevimba kwa ndani na kuziba njia ya kurudia, ama tundu la kurudishia mafuta katika silinda kuu limezibwa. Kama gurudumu litabaki limeshikwa, kosa ni la vyuma: springi imechoka, pistoni imeota kutu, au viatu vimekazwa kupita kiasi. Likishika gurudumu moja tu, shaka iwe kwenye mpira wa upande huo. Yakishika yote, shaka iwe kwenye silinda kuu.

Husikika mkwaruzo wa chuma, au pedali hupanda na kushuka chini ya mguu. Mkwaruzo waonyesha kwamba lainingi imekwisha na ribiti zinaichimba dramu. Kupanda na kushuka kwa pedali huonyesha dramu isiyo ya mviringo kamili.

Kufungua kwa usalama

Kabla ya kunyanyua gari, jambo moja la Land Rover lazima lieleweke. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Hushika dramu ndogo iliyo kwenye shafti ya propela, nyuma ya gia boksi. Gurudumu moja la nyuma likinyanyuliwa, difu huliruhusu lizunguke peke yake, na lile lililo chini huwa halizuiwi tena. Gari laweza kuondoka juu ya jeki ingawa breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo gari lisimamishwe mahali tambarare na pagumu, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma, na ekseli iwekwe juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee.

Hatari ya pili haionekani kwa urahisi. Lainingi za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, madini yenye nyuzinyuzi yanayostahimili joto. Vumbi lake likivutwa pumzi hukaa mapafuni na baada ya miaka mingi laweza kusababisha kansa. Kwa macho haiwezekani kujua kama lainingi ina asbestosi au la. Kwa hiyo vumbi la dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, wala lisifagiliwe likiwa kavu. Liloweshwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, na kitambaa hicho kifungwe katika mfuko na kutupwa. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani zikiwa na vumbi hilo.

Kukagua na kutengeneza

Viatu hulegezwa kwanza kwa kugeuza vichwa vya kurekebishia vilivyo nyuma ya bamba. Kisha skurubu za dramu hutolewa na dramu huvutwa nje. Ikikataa, igongwe pembeni kwa nyundo ya mbao, kwani chuma cha kusubu huvunjika kikigongwa ovyo.

Kabla ya kutoa springi, yafaa kuchora mahali kila springi ilipo na upande ambao kiatu kinaelekea. Upande wa pili wa gari usifunguliwe kwanza, ili uwe kielelezo. Fundi aliyefungua pande zote mbili kwa pamoja hana mahali pa kutazama akisahau.

Lainingi hupimwa unene. Zikiwa zimefungwa kwa ribiti, desturi ni kuzibadilisha kabla hazijabakiza milimita 1.5 juu ya vichwa vya ribiti. Lainingi iliyolowa mafuta haifai tena, hata ikioshwa kwa petroli na kuanikwa juani. Mafuta yaliyoingia ndani yake hurudi juu joto linapopanda, na hilo hutokea wakati breki zinapohitajika zaidi.

Lainingi hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili ya ekseli moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha za gurudumu moja ili kuokoa fedha huweka misuguano miwili tofauti kulia na kushoto, na gari litavutwa upande mmoja siku ya mvua au ya dharura.

Dramu hutazamwa nyufa, na ikiwa na ufa hutupwa. Ikiwa na mifereji, hupelekwa kwa fundi wa kukereza chuma, lakini isizidi kipenyo cha mwisho kilichowekwa na mtengenezaji. Dramu iliyokerezwa mno ina chuma kidogo cha kupokea joto, na hesabu ya hapo juu yaonyesha matokeo yake: jouli zilezile katika kilogramu chache hupandisha joto zaidi.

Silinda ya gurudumu hukaguliwa kwa kuinua ukingo wa raba ya nje ya kuzuia vumbi. Palipo na unyevu wa mafuta, raba za ndani zimechakaa. Silinda hufunguliwa, huoshwa kwa spiriti au kwa mafuta safi ya breki, na ukuta wake hutazamwa kwenye mwanga. Ukiwa laini, raba mpya zatosha. Ukiwa na mashimo ya kutu, silinda nzima hubadilishwa, kwa kuwa raba mpya itakayopita juu ya mashimo hayo itakatika upesi.

Hapa pana kosa ambalo limeharibu magari mengi. Kamwe oili ya injini, dizeli, petroli au mafuta ya kula yasitiwe katika mfumo wa breki badala ya mafuta yaliyotajwa na mtengenezaji. Raba za breki za kawaida zimetengenezwa zistahimili mafuta ya breki tu. Zikiguswa na oili hata kidogo huvimba, hulegea na kuziba njia, na tiba yake ni kubadilisha raba zote pamoja na mipira ya breki. Mafuta yaliyotolewa katika mfumo yasirudishwe, na kopo lililokaa wazi kwa muda mrefu lisitumike, kwa kuwa limekwisha kufyonza unyevu.

Kurekebisha na kutoa hewa

Dramu ikisharudishwa, viatu hukaribishwa. Kichwa cha kurekebishia hugeuzwa hadi gurudumu lisiweze kuzungushwa kwa mkono, kisha hurudishwa kidogo kidogo hadi lizunguke huru. Pedali ikanyagwe mara kadhaa ili viatu vikae katikati, na kipimo kirudiwe. Kila gurudumu la mbele la 109 lina vichwa viwili vya kurekebishia, kimoja kwa kila kiatu.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili wanaosikilizana. Mmoja hukaa kwenye pedali, mwingine kwenye gurudumu. Kwa kawaida huanzwa gurudumu lililo mbali kabisa na silinda kuu. Mpira mwembamba unaopenya mwanga huvikwa kwenye nipeli, na ncha yake ya pili huzamishwa katika chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Wa kwanza hukanyaga na kushikilia. Wa pili hufungua nipeli, mafuta na mapovu hutoka, kisha huifunga kabla pedali haijaachiwa. Wakibadilisha utaratibu huo, hewa hufyonzwa kurudi ndani. Kazi huendelea hadi mafuta yatoke bila povu hata moja, na kopo la silinda kuu lisiachwe kukauka wakati wowote.

Mwishoni pedali hukanyagwa kwa nguvu na kushikiliwa kwa dakika moja, huku msaidizi akitazama kila kiungo cha bomba. Jaribio la barabarani lifanywe mahali tambarare pasipo watu, kwa mwendo wa miguu kwanza, kisha kwa mwendo wa kadiri. Hatimaye kila dramu iguswe kwa tahadhari. Iliyo ya moto kuliko wenzake inashikwa, na iliyo baridi haifanyi kazi.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha msingi wa somo hili kwa bomba mbili za sindano za plastiki zisizo na sindano, moja nyembamba na nyingine nene, zikiwa zimeunganishwa kwa mpira mwembamba. Zikijazwa maji bila povu, mwanafunzi asukumaye ile nyembamba atamshinda mwenziwe anayezuia ile nene, ingawa atasukuma kwa masafa marefu zaidi. Wapime masafa hayo, wayalinganishe na maeneo ya pistoni, na kanuni ya Pascal itakuwa imeonekana kwa macho. Kisha povu la hewa liachwe ndani kwa makusudi. Asukumaye ataona pistoni yake ikisogea huku ya pili ikichelewa kujibu. Hivyo ndivyo mguu wa dereva unavyohisi pedali yenye hewa.

Hesabu nazo zaweza kuendelezwa. Wanafunzi watafute nishati ya basi au lori linalopita karibu na shule yao, kwa shehena na bila shehena, au wakadirie joto litakalozalishwa katika mteremko wanaoufahamu.

Pikapu ya zamani haina taa ya kumwonya dereva kwamba lainingi zimekwisha au kwamba mafuta yamezeeka. Dalili zake ni pedali inayoshuka kidogo kuliko jana, tone la mafuta ndani ya tairi, harufu ya kuungua baada ya mteremko. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Na katika breki ufa huo huonekana siku nyingi kabla gari halijafika mlimani, kwa mtu ajuaye mahali pa kutazama.